Upande Kilimanjaro mwezi gani? Mwongozo wa kuchagua msimu kwa anayepanda mara ya kwanza

Swali ni lile lile kila siku. "Nataka kupanda Kilimanjaro, mwezi gani mzuri?" Ukimuuliza mtu unapita njia gani, una siku ngapi, una nguo gani, anakwambia hajui bado, yeye anataka mwezi kwanza. Sasa naweka yote hapa, ukimaliza kusoma uwe na tarehe kamili mkononi na sio "labda mwezi wa saba hivi". Mwezi peke yake hautoshi, maana wiki ile ile mmoja anapita njia ya Rongai mguu mkavu na mwingine yuko njia ya Umbwe anaogelea matope, na wote wameambiwa huu ni msimu mzuri.

Kwa mwenye haraka: vipindi viwili vya kuaminika ni katikati ya mwezi wa kwanza mpaka mwisho wa mwezi wa pili, na mwisho wa mwezi wa nane mpaka katikati ya mwezi wa kumi. Mwezi wa nne na wa tano kama ni mara yako ya kwanza achana nao kabisa. Lakini usiishie hapo, soma hatua, maana ndani ya hivyo vipindi kuna wiki nzuri na wiki mbaya.

Uwe na hivi kabla hujaanza kupanga

- Idadi ya siku za ruhusa kazini, ya kweli, sio unayotarajia bosi atakubali.
- Kalenda inayoonyesha mwezi, na kama nyumbani mna kalenda ya Kiislamu hiyo ndo bora zaidi, nitaeleza kwanini.
- Bajeti yako pamoja na akiba ya siku moja ya ziada mlimani.
- Orodha ya nguo ulizonazo na za kukodi. Moshi mjini maduka ya kukodisha vifaa vya mlima yapo, jaketi zito, slipingi begi, fimbo, tochi ya kichwani, vyote unapata.
- Neno la daktari, hasa kama una presha, pumu, sukari, selimundu au tatizo la moyo.
- Kampuni yenye leseni ambayo inajibu maswali kabla haijaomba hela. Huruhusiwi kupanda bila mwongozaji hata kama wewe ni mzaliwa wa Marangu.

Nadharia kidogo tu, hutaihitaji zaidi ya hii

Mvua kubwa ni masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano. Mvua ndogo ni vuli, kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi, wa kumi na moja, mpaka katikati ya wa kumi na mbili hivi. Katikati yake kuna kiangazi cha mwezi wa kwanza na wa pili ambacho kina joto kidogo, na kile kipindi kirefu cha kuanzia mwezi wa sita ambacho ni kikavu ila mwanzo wake ni kipupwe, baridi haswa.

Mvua nyingi inaishia kwenye msitu, upande wa kusini, Machame, Umbwe, Marangu. Kule kwenye mita 2,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati kileleni ni pakavu karibu kama jangwa. Kwa hiyo mtu akisema "mlimani kunanyesha" muulize wapi.

Na baridi inaongezeka kadiri unavyopanda, kama nyuzi 6 kila mita 1,000. Moshi ikiwa nyuzi 25 mchana, kule kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895 ni kama 5 chini ya sifuri, hiyo ni mchana na bila upepo. Sasa wewe unafika pale alfajiri na upepo upo. Nadharia imeisha.

Hatua ya 1: Hesabu siku zako kabla ya kuchagua mwezi

Hii watu wanairuka halafu wanakuja kulaumu hali ya hewa. Kinachorudisha watu wengi njiani sio mvua, ni kichwa kuuma, kutapika, mwili kukataa kimo. Na kimo hakina msimu, mwezi wa pili au wa tisa oksijeni pale juu ni ile ile. Ukiwa na siku 5 tu mwezi wowote ule ni mgumu kwako.

Marangu inauzwa siku 5, wewe chukua 6 ulale kambi ya Horombo usiku mbili. Machame chukua 7 badala ya 6. Rongai 7. Lemosho 8. Ukishapata hiyo namba ndo unatafuta sehemu kwenye kalenda ya kuiweka, ongeza siku moja kabla ya kupanda ulale Moshi na siku moja baada ya kushuka, maana mtu ametoka Dar na basi la usiku asubuhi yuko getini, huo sio mwanzo mzuri hata kidogo.

Hatua ya 2: Futa miezi usiyoihitaji

Chukua kalenda, piga mstari mwezi wa nne wote na wa tano wote. Mwezi wa tatu futa kuanzia tarehe 10 hivi, kwa sababu masika haina adabu ya kusubiri tarehe, mwaka mwingine inakuja mapema. Mwezi wa kumi na moja futa wote. Wa kumi na mbili weka alama ya kuuliza mpaka tarehe 15.

Utaona ofa za bei nzuri sana mwezi wa nne na wa tano, na ni kweli mlima unakuwa mtupu, wapo wanaopenda hivyo. Lakini hao ni watu wanaojua kulala kwenye hema lililolowa na wana nguo za kubadilisha. Wewe unayepanda mara ya kwanza, siku ya kwanza tu ukilowesha viatu msituni, huko juu havikauki, na usiku wa kileleni unaingia na viatu vyenye unyevu kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi. Vidole vya miguu vinaumia hivyo. Bei nafuu hiyo ikae.

Hatua ya 3: Chagua kipindi kulingana na mwili wako na nguo zako

Hapa nitakaa kidogo.

*Mwezi wa kwanza (baada ya tarehe 10) na wa pili.* Kwa Mtanzania au Mkenya anayepanda mara ya kwanza mimi nakipendekeza hiki kuliko vyote. Joto liko juu kidogo ukilinganisha na mwezi wa saba, asubuhi anga iko wazi, na mara nyingi kileleni kuna theluji imebaki ya vuli, kwa hiyo picha unazozitaka unazipata. Mawingu yanaweza kupanda mchana na mvua ya saa moja ikapita, sio kitu. Kama huna jaketi zito la uhakika na unategemea la kukodi, chagua hapa.

*Mwezi wa sita.* Mvua imeisha ila njia za msituni bado zina matope mpaka katikati ya mwezi. Wiki mbili za mwisho ni nzuri, watu hawajawa wengi.

*Wa saba mpaka katikati ya wa nane.* Kukavu, lakini baridi ni kali na upepo wa kusi unavuma. Alafu kuna jambo linawachanganya wageni wa Moshi: mwezi wa saba unaweza kukaa mjini siku nne hujauona mlima kabisa, mawingu mazito yamelala chini, mji una kijivu kutwa nzima, mtu anataka kuahirisha safari. Usiahirishe. Yale mawingu yamekaa chini, kwenye msitu. Ukishapita Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, ukaanza kupanda kuelekea Horombo unayatoboa, unatokea kwenye jua kali na anga ya bluu na mawingu yote yako miguuni kwako. Paka mafuta ya jua hapo, baridi isikudanganye, ngozi nyeusi nayo inaungua kule juu.

*Mwisho wa wa nane mpaka katikati ya wa kumi.* Baridi imepungua, anga safi. Shida ni vumbi. Ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, na siku ya kushuka kwa njia ya Mweka, vumbi linaingia kwenye koo na watu wanashuka na kikohozi cha wiki nzima, beba kitambaa cha kufunika mdomo. Jambo lingine ambalo halisemwi sana, mwisho wa kiangazi mimea ya juu inakuwa imekauka kabisa. Moto mkubwa wa 2020 ulikuwa mwezi wa kumi, na wa 2022 pia mwezi wa kumi. Kwa hiyo ukienda kipindi hiki, sigara hapana, na ukiona mtu anatupa kiberiti mwambie bila aibu. Ule mlima ukiungua ni maji ya watu wa Hai na Rombo yanaungua.

Hatua ya 4: Oanisha kipindi na njia

Ukipenda mwezi wa sita mwanzoni, au umelazimika kwenda mwezi wa tatu, pita Rongai. Inaanzia kaskazini, upande wa mpaka wa Kenya karibu na Loitokitok, na upande ule hauguswi sana na mvua za kusi, msitu wake ni mfupi na matope ni machache. Ila kwenye vuli faida yake inapungua, maana mvua za mwezi wa kumi na moja upande wa kaskazini nao unapata mgao wake.

Marangu ndo njia pekee yenye vibanda vya kulala. Kama kuna uwezekano wa mvua na hutaki hema, Marangu. Hasara yake unapanda na kushuka njia moja, na usingizi wa chumba kimoja na watu wanaokoroma.

Machame na Lemosho ni nzuri sana kwa kuzoesha mwili, unapanda mpaka Lava Tower mita 4,600 hivi halafu unashuka kulala kambi ya Barranco, mwili unajifunza. Lakini ni njia za kiangazi. Ukuta wa Barranco asubuhi baada ya mvua ya usiku mawe yanateleza, na unatumia mikono. Siku kavu hata mtoto wa sekondari anapita vizuri.

Umbwe ni mkali na unapanda haraka mno, usianze nayo. Na ile njia ya Western Breach usiifikirie kabisa, pale mawe yanaporomoka barafu iliyoyashika ikiyeyuka, na 2006 wapandaji 3 wa Marekani walifia pale.

Hatua ya 5: Tafuta mbalamwezi

Sasa umepata kipindi na njia, tunabana tarehe. Usiku wa kwenda kileleni unaanza saa 6 hivi, unatembea gizani mpaka jua linapotoka kwenye saa 12 na nusu. Masaa sita hayo ukiwa na mwezi ni kitu kingine kabisa, unaona mlima wote, unaona kivuli chako kwenye changarawe, unaona Mawenzi imesimama nyuma yako, na tochi wengine wanaizima. Usiku wa giza unaona visigino vya mtu wa mbele tu na akili inachoka kabla ya miguu.

Watu wengi wanajua "nenda wakati wa mwezi mpevu", sawa, ila wanakosea upande. Wakikosa siku yenyewe wanachagua siku nne kabla. Mwezi wa siku nne kabla ya kupevuka unazama saa 8 au saa 9 usiku, yani unakuacha pale pale unapouhitaji zaidi. Mwezi wa siku kadhaa *baada* ya kupevuka unachelewa kuchomoza lakini ukishatoka unabaki na wewe mpaka alfajiri. Kwa hiyo usiku wako wa kileleni uuweke kwenye tarehe 14 mpaka 18 ya mwezi wa Kiislamu, ndo maana nikasema hiyo kalenda ya ukutani inasaidia, huhitaji programu yoyote ya simu.

Halafu hesabu kurudi nyuma. Machame ya siku 7, usiku wa kileleni ni ule wa kuamkia siku ya 6. Marangu ya siku 6, ni wa kuamkia siku ya 5. Toa hizo siku, unapata siku ya kuingia getini. Wengi wanaweka siku ya kuingia getini ndo iwe mwezi mpevu, wakifika juu mwezi umeshaanza kupungua na unachelewa kuchomoza.

Hatua ya 6: Angalia kalenda ya watu pia

Krismasi na Mwaka Mpya mlima unajaa. Wa saba na wa nane wageni wa Ulaya na Marekani wako likizo, Machame inakuwa na foleni. Vibanda vya Marangu kipindi hicho weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Tarehe 9 Desemba Watanzania wengi wanapanda kuadhimisha Uhuru, kumbukumbu ya usiku ule wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kileleni. Ni jambo la fahari na kama unataka kupanda na kundi la wenzako, nenda, nakuunga mkono kabisa. Ila ujue ni mkiani mwa vuli, kwa hiyo nguo za mvua ni lazima na unaweza kufika kileleni ukakuta theluji mpya mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kupanda kwa Siku ya Wanawake, tarehe 8 mwezi wa tatu, ni hivyo hivyo kwa upande wa pili, uko mlangoni mwa masika, siku moja ya kuchelewa inakugharimu.

Mwisho wa mwezi wa pili au mwanzo wa wa tatu kuna mbio za Kilimanjaro Marathon, hoteli za Moshi zinajaa na bei inapanda. Usifike siku hiyo hujaweka chumba.

Na kwa Waislamu, 2026 na 2027 Ramadhani inaingia mwezi wa pili, katikati ya kile kipindi kizuri. Kule juu unatakiwa unywe maji lita 3 mpaka 4 kwa siku. Msafiri ana ruhusa yake, hilo zungumza na sheikh wako, ila kama hutaki kula mchana basi sogeza safari mwezi wa kwanza au subiri wa tisa. Kupanda kwenye mita 4,000 na kinywa kikavu ni hatari ya kweli. Na wagumu wako, yani wapagazi, baadhi yao pia watakuwa wamefunga na mzigo kichwani, hilo nalo liweke moyoni unapopanga.

Hatua ya 7: Fuatilia utabiri, kwanza wa msimu halafu wa siku

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa utabiri wa masika karibu na mwezi wa pili na wa vuli karibu na mwezi wa nane. Usome kabla hujalipa hela yote. Wakisema El Niño, vuli inaweza kuwa kubwa na kuingia mpaka mwezi wa kwanza, hapo ile Januari yako isogeze Februari. 2019 na 2023 vuli ilikuwa kubwa kweli kweli, waliopanga Desemba walilowa.

Zikibaki siku 5 angalia tovuti za utabiri wa milima zinazotenganisha kimo, sio utabiri wa Moshi mjini. Angalia namba tatu tu: mvua ya mita 3,000, upepo wa mita 5,500, na baridi ya kileleni. Upepo ukizidi kilomita 50 kwa saa usiku wa kileleni ongea na mwongozaji wako kama mnaweza kusogeza. Zaidi ya siku 5 mbele usiamini sana, hewa ya mlima ule inajigeuza yenyewe.

Hatua ya 8: Pakia kulingana na msimu

Usiku wa kileleni nguo ni zile zile mwaka mzima: tabaka la ndani la kukausha jasho, la kati la joto, jaketi zito, la nje la kuzuia upepo, glavu mbili moja juu ya nyingine, kofia ya kufunika masikio. Pamba usivae mwilini, ikilowa jasho inakaa na ubaridi.

Kinachobadilika ni hivi. Vuli na mwisho wa masika ongeza poncho kubwa inayofunika mpaka begi, suruali ya mvua, mifuko isiyopitisha maji ya kufungia nguo kavu ndani ya begi (hata kama begi wanakwambia haliingizi maji), na soksi za ziada. Wa saba na wa nane ongeza slipingi begi ya kuhimili nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi, na chupa ya chai ya moto. Wa tisa na wa kumi kitambaa cha mdomo na mafuta ya midomo.

Na uliza kampuni swali hili: wapagazi wana makoti ya mvua? Mzigo wao usizidi kilo 20, hiyo ndo kanuni ya hifadhi, lakini nguo zao hakuna anayezipima. Kampuni inayokwepa hilo swali kwenye msimu wa mvua tafuta nyingine, mtu asilale na baridi kwa sababu wewe unataka picha.

Makosa yanayojirudia

Kuchagua mwezi wa sita au wa kumi na mbili kwa sababu shule zimefungwa, halafu kuvaa kama unaenda Lushoto. Mwezi sio tatizo, tatizo ni nguo.

Kutoka kambini saa 4 asubuhi. Misimu yote asubuhi iko wazi na mawingu yanapanda kuanzia saa 5, mvua ikinyesha mara nyingi ni mchana. Anayetoka saa 1 na nusu anafika kambini mkavu, anayechelewa kunywa chai analowa, na hapo walikuwa kwenye msimu ule ule na siku ile ile.

Kuanika nguo kambi ya kwanza. Pale msituni hazikauki hata ziwekwe usiku kucha, hewa yenyewe ni maji. Zibebe zilivyo, zianike kambi ya Shira au Horombo kwenye kamba za hema au kwenye mawe jua likiwa kali, kwa saa moja tu zimekauka.

Kupanga tiketi ya kurudi Dar jioni ile ile ya kushuka. Mvua ikiwachelewesha mnashuka Mweka usiku, kwenye mizizi na matope, magoti yameshachoka, na hapo ndo watu wanavunjika.

Ukikwama

*Ruhusa yangu iko mwezi wa nne tu.* Jaribu wiki ya kwanza, Rongai, siku 7, vifaa vyote vya mvua, na ukubali moyoni kwamba unaweza kurudi. Au tumia ruhusa hiyo kwenda kijiji cha Materuni na kutembea vijiji vya chini, mlima uusogeze.

*Nimeshalipa, sasa utabiri ni mbaya.* Omba kubadilisha njia kabla ya tarehe. Kampuni nyingi zikiambiwa mapema zinaweza kubadilisha, ila ukishaingia getini kibali ni cha njia ile.

*Tuko kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kileleni, usiku umefika na theluji inaanguka.* Uamuzi ni wa mwongozaji. Mara nyingi mnasubiri saa moja au mbili, ikitulia mnaanza. Theluji kidogo inasaidia hata, ile changarawe inashikana hurudi nyuma kila hatua. Radi ikiwepo hamtoki.

*Maji yameganda.* Mrija wa kunywea unaganda kwanza, usiutegemee juu ya mita 5,000. Tumia chupa, ivishe soksi, iweke kichwa chini miguu juu, barafu inaanzia juu ya maji kwa hiyo mdomo wa chupa unabaki wazi.

*Simu imezima kileleni.* Baridi inamaliza betri. Ilale na wewe ndani ya slipingi begi, na usiku wa kileleni iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, itoe ukifika tu.

*Kichwa kinauma sana, natapika, natembea kama mlevi, au nakohoa na kukosa pumzi hata nikikaa.* Hili halihusiani na msimu na halisubiri asubuhi. Mwambie mwongozaji, shuka saa ile ile hata kama ni usiku na anga ni safi namna gani.

*Mlima wangu sio Kilimanjaro.* Meru misimu ni ile ile, na ukipanda Meru siku chache kabla inakuzoesha kimo vizuri, mita 4,500 na zaidi. Mlima Kenya, kwa anayeishia Point Lenana mita 4,985, nenda wa kwanza na wa pili au wa nane na wa tisa, pita Sirimon ambayo ni kavu zaidi, Chogoria ni nzuri sana kwa macho ila upande wa mashariki una mvua nyingi. Rwenzori kunanyesha karibu mwaka mzima, nafuu iko wa kumi na mbili mpaka wa pili na wa sita mpaka wa nane, na hata hapo kiatu chako cha kwanza ni gambuti.